Folda ya mishahara ilionwa na nani? Uzi kuhusu ruhusa za watumiaji katika SharePoint

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za kazi.

Ninasimamia tovuti ya ndani ya taasisi moja hapa Dar es Salaam yenye watumishi zaidi ya sabini, na tovuti hiyo tumeijenga juu ya SharePoint ya Microsoft 365, yaani mfumo wa Microsoft wa kutunza na kushirikiana nyaraka. Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa masjala alikuwa anatafuta fomu yake ya likizo. Aliandika jina lake katika kisanduku cha kutafutia, na miongoni mwa majibu yaliyojitokeza likawamo faili la Excel lenye mishahara ya taasisi nzima, jina lake likiwa mstari wa thelathini na moja. Hakupiga kelele. Alibeba kompyuta mpakato yake mpaka mezani kwangu, akaigeuza kioo kinitazame, akauliza: "Kaka, hii na mimi naruhusiwa kuiona?"

Jibu la swali lile lilinichukua siku mbili kulipata, na nilipolipata nikagundua kwamba aliyeifungua folda ile ni mimi mwenyewe.

Kwa wasioijua SharePoint, ruhusa zake hushuka kama maji. Juu kuna tovuti, chini yake kuna maktaba za nyaraka, ndani ya maktaba kuna folda, na ndani ya folda kuna mafaili. Kila kilicho chini hurithi ruhusa za kilicho juu yake mpaka mtu aukate urithi huo kwa makusudi. Ukiukata, SharePoint hunakili ruhusa zilizokuwapo wakati ule, nawe unaanza kuwaondoa usiowataka mmoja mmoja. Tangu hapo folda inajitegemea na mabadiliko yanayofanywa juu hayaifikii tena. Siku ukiurudisha urithi, orodha yote uliyoipanga kwa mkono inafutika kwa mbofyo mmoja, na folda inapokea upya ruhusa za maktaba kama zilivyo siku hiyo.

Folda ya mishahara ilikatwa urithi miaka mitatu iliyopita na mhasibu aliyemtangulia huyu wa sasa. Aliipa jina la "Nyaraka 2", akiamini kwamba jina lisilovutia ni kufuli ya ziada. Mwezi uliopita nilikuwa nasafisha maktaba ya Utawala. Ukifungua ukurasa wa ruhusa wa maktaba, juu yake hutokea taarifa kwamba baadhi ya vitu vilivyomo vina ruhusa za peke yake, na ukiifuata unaonyeshwa orodha yake. Nilivikuta hamsini na vitatu. Vingi vilikuwa mabaki ya viungo ambavyo watumishi walitumiana zamani wakavisahau, kwa hiyo nikawa narudisha urithi wa kimoja baada ya kingine, mkono ukishazoea, mpaka nikafika kwenye "Nyaraka 2" na kuibofya bila kutazama ndani. Jina lililotungwa ili kuwapoteza wadadisi lilimpoteza mtu aliyekuwa na kitufe.

Maktaba ya Utawala inasomwa na kundi la Wageni, jina ambalo SharePoint huwapa wanaosoma tu, na katika kundi hilo tuliwaweka watumishi wote tangu siku ya kwanza ili kila mmoja asome nyaraka za likizo na posho. Utafutaji wa SharePoint haumwonyeshi mtu kitu asichoruhusiwa kukifungua, na hata siku ile haukukosea: ulimwonyesha dada yule kile ambacho mimi nilikuwa nimemruhusu.

Hoja yangu ni kwamba mishahara haikupaswa kuwamo katika tovuti ile hata kidogo. Siri inayowekwa katika chumba cha watu wote na kulindwa kwa kufuli ya folda inamtegemea kila msimamizi ajaye akumbuke kwamba kufuli hiyo ipo. Ikikaa katika tovuti yake yenyewe, yenye wanachama watatu, hata nikirudisha urithi wa folda zote kwa bahati mbaya, zitarithi ruhusa za watu wale wale watatu. Ningependa kusikia wenzangu mnafanyaje katika ofisi zenu.

#2 – Mchangiaji

Pole sana mkuu, na hongera kwa kukiri. Swali langu ni dogo: kwa nini usiwawekee Wageni katazo katika folda ile? Kwenye seva yetu ya zamani ya Windows tuliweza kumkataza mtu folda moja kwa jina, na katazo lilikuwa na nguvu kuliko ruhusa yoyote aliyokuwa nayo kwingine.

#3 – Mleta uzi

Mkuu, hapo ndipo wengi tuliotoka kwenye seva za zamani tunapojikwaa. SharePoint ya mtandaoni haimpi mmiliki wa tovuti katazo la namna hiyo. Ruhusa hujumlishwa tu. Mtu akiwa katika makundi mawili, moja la kusoma na jingine la kuhariri, atahariri. Akiwa katika manne, atapata jumla ya yote manne. Ukitaka asione kitu, huna budi kuutafuta kila mlango anaopitia na kuufunga.

Nitatoa mfano wa karibu. Mwaka jana afisa mmoja wa ununuzi alihamishiwa idara nyingine, na mkuu wake akaniomba nimwondoe katika tovuti ya zabuni. Nikamtoa katika kundi la Wanachama, yaani wanaohariri, nikajibu barua pepe kwamba kazi imekwisha. Kesho yake akafungua zabuni kama kawaida. Nikaenda kwenye ukurasa wa ruhusa, nikabofya kitufe cha kukagua ruhusa na kuandika jina lake, na kitufe hicho, ambacho nakiona kuwa chenye manufaa kuliko vyote katika ukurasa ule, kikaniandikia mstari kwa mstari: anasoma kupitia kundi la Wageni, anahariri kupitia kundi la Microsoft 365 la zabuni. Kundi hilo la pili lilikuwa limeundwa pamoja na tovuti yenyewe na limeingizwa ndani ya kundi la Wanachama, kwa hiyo jina lake binafsi nililoliondoa lilikuwa nakala tu. Mlango wenyewe ulikuwa kwenye Teams, programu ya Microsoft ya vikao na mazungumzo ya kikazi, ambako mtu fulani alimwongeza ili apate kuhudhuria kikao.

Ukikagua hivyo, usishtuke ukikuta mtu ana ruhusa inayoitwa ya ufikiaji mdogo. Hiyo huwekwa na mfumo wenyewe pale mtu anaporuhusiwa faili moja lililo ndani kabisa, ili aweze kulifikia bila kuona vilivyo njiani. Niliwahi kuziondoa ruhusa hizo kwa kudhani ni uchafu, na watu kadhaa wakakosa mafaili yao halali.

#4 – Mchangiaji

Salaam kutoka Nairobi. Ninafanya kazi katika shirika lisilo la kiserikali ambalo sitalitaja, na ningependa kutofautiana kidogo na ndugu mleta uzi. Dawa yake ya kuijengea kila siri tovuti yake tuliinywa miaka minne iliyopita. Mambo ya walezi wa watoto yakapewa tovuti, malalamiko ya watumishi yakapewa tovuti, kila mfadhili akapewa yake, na leo tunazo tovuti nyingi kuliko idadi ya watumishi. Nyingine mmiliki wake aliacha kazi zamani, na ombi la kuingia likitumwa linakwenda kwenye sanduku la barua ambalo halifunguliwi na mtu. Siri haikuvuja, nakubali, lakini nyaraka zenyewe hazipatikani, na watumishi wamerudi kutumiana mafaili kwa WhatsApp, mahali ambapo sina ruhusa yoyote ya kusimamia.

Halafu kuna upande wa sheria. Kwetu Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kudhibiti data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu afahamu kwamba data imefikiwa na asiyeruhusiwa, endapo kuna hatari halisi ya madhara kwa mwenye data. Wewe ulitumia siku mbili kupata jibu tu. Ingekuwa huku, ungebakiwa na siku moja ya kuandika barua.

#5 – Mleta uzi

Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ndugu yangu wa Nairobi, na hilo la WhatsApp limenigusa kwa sababu nalo lipo kwetu. Huku Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwanasheria wetu ndiye anayeishughulikia sehemu hiyo. Nisingependa kuisemea hapa.

Ila naomba tutenganishe mambo mawili. Tovuti yatima hazikutokana na wingi wake bali na kutokuwa na wenyewe. Kwetu tumeweka sharti kwamba tovuti haifunguliwi mpaka iwe na wamiliki wawili walio hai kazini: mmoja akienda likizo ya uzazi au akiacha kazi, mwingine yupo. Wala wasizidi wawili, kwa sababu wakiwa watano kila mmoja anadhani wenzake wanatazama. Na sizungumzii tovuti kwa kila jambo. Kipimo changu ni wasomaji: nyaraka zinazosomwa na watu wale wale zikae pamoja hata kama ni za mambo tofauti, na zile zenye wasomaji tofauti kabisa zitengwe. Nikiangalia ofisi yetu kwa kipimo hicho, napata tovuti tano au sita.

Shida iliyo kubwa zaidi kwangu ni heshima. Mkurugenzi akiona neno "Mmiliki" anataka awe yeye, na ukimweka kuwa Mgeni wa tovuti ya idara yake mwenyewe anahisi umemvunjia hadhi. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila mtumiaji na kila programu vifanye kazi kwa ruhusa ndogo kabisa zinazotosha kuikamilisha kazi yake. Jaribu kumsomea mkurugenzi maneno hayo. Mimi hubadilisha lugha: namwambia kwamba mmiliki ndiye anayepokea barua pepe zote za watu wanaoomba kuingia, saa yoyote, na kwamba yeye akiwa msomaji ataona kila kitu bila kusumbuliwa. Wengi hukubali kabla sijamaliza sentensi.

#6 – Mchangiaji

Naomba niongeze jambo moja kuhusu kundi la Wanachama, kwa sababu ndilo lililotuumiza sisi. Wanachama wa tovuti ya kikazi hupewa kiwango cha kuhariri, na wengi tunadhani kuhariri maana yake ni kubadilisha maneno ndani ya faili. Kiwango hicho kinamruhusu pia mtu kuunda na kufuta maktaba nzima na orodha nzima. Tulikuwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyetaka kuondoa folda yake ya majaribio, akabofya mahali pasipo penyewe, na maktaba ya mikataba ikatoweka. Tuliirudisha kutoka kwenye kapu la takataka, ambalo huhifadhi vilivyofutwa kwa siku 93, lakini jasho lilikwisha kututoka. Tangu hapo Wanachama wetu tumewashusha kwenye kiwango cha kuchangia: wanaongeza, wanabadilisha na kufuta mafaili, ila maktaba yenyewe hawawezi kuigusa. Hakuna hata mmoja aliyelalamika; nadhani hawajajua kwamba kuna kitu walichopungukiwa.

#7 – Mchangiaji

Mkuu, na viungo je? Sisi tuna washauri wa nje wanaoingia na kutoka, na watumishi hubofya tu kitufe cha kushiriki na kutuma. Sidhani kama kuna anayefika kwenye ukurasa huo wa ruhusa mnaouzungumzia.

#8 – Mleta uzi

Hujakosea. Kwa mtumishi wa kawaida, ruhusa ni kile kitufe cha kushiriki, na hayo mengine ni mambo yetu sisi wa TEHAMA. Kitufe hicho hutoa viungo vya namna nne: cha mtu yeyote atakayekipata, hata bila akaunti, cha watu wote wa taasisi, cha watu waliotajwa kwa jina, na cha wale ambao tayari wana ruhusa, ambacho hakiongezi chochote bali kinaelekeza tu. Kila kimoja cha vile vitatu vya kwanza hukata urithi wa faili husika kimyakimya. Vingi vya vile vitu hamsini na vitatu nilivyovikuta vilizaliwa hivyo, na hakuna mtu aliyekusudia kuvizaa. Microsoft wanasema maktaba moja inaweza kubeba vitu vyenye ruhusa za peke yake mpaka 50,000, lakini wao wenyewe wanashauri visizidi 5,000. Binadamu hushindwa kuvifuatilia mapema zaidi. Mimi nilishindwa kwenye hamsini.

Tulichofanya ni kubadilisha kiungo kinachojitokeza kwanza mtu anapobofya kushiriki. Awali kilikuwa cha watu wote wa taasisi. Sasa ni cha wale ambao tayari wana ruhusa. Anayetaka kumpa mshauri wa nje lazima achague mwenyewe na kuandika anwani ya mshauri huyo, naye mshauri akifungua hutumiwa namba ya kuthibitisha kwenye barua pepe yake. Kiungo cha mtu yeyote tumekizima kabisa katika tovuti zote isipokuwa ile ya matangazo ya umma, na huko nako kinakufa chenyewe baada ya siku thelathini. Malalamiko yalidumu wiki moja.

#9 – Mchangiaji

Mimi si mtaalamu wa kompyuta, ni afisa utumishi, lakini nimeusoma uzi wote na naona mnamkimbiza mtu asiyekuwapo. Mtumishi anayeacha kazi hasumbui, kwa sababu siku anayokabidhi kitambulisho akaunti yake inafungwa. Anayesumbua ni anayehama. Nina mtumishi aliyeanza mapokezi, akaenda masjala, akapelekwa mafunzo, na sasa yuko ukaguzi wa ndani. Kila alikofika alipewa ruhusa ndani ya siku moja kwa sababu mkuu mpya alipiga simu TEHAMA. Kila alikotoka hakuna aliyepiga simu. Leo yeye na mkurugenzi mkuu nadhani wanaona sawa, na hajafanya kosa lolote.

Nashauri nakala ya barua ya uhamisho iende TEHAMA kama inavyokwenda kwa mhasibu. Mhasibu hupewa nakala kwa sababu kuna fedha. Kama ruhusa nazo ni mali, ziandikiwe barua.

#10 – Mleta uzi

Dada afisa utumishi, mchango wako nimeuchapisha na kuubandika ukutani, nasema kweli. Yule afisa wa ununuzi niliyemtaja kule juu ni mfano huo huo, ila sikuuona kwa jicho lako.

Kwa wenzangu wa kompyuta, njia ya kuutumia ushauri huu ni kuacha kabisa kumpa mtu ruhusa kwa jina lake. Kundi liitwe kwa kazi, kwa mfano "Ukaguzi wa Ndani – wasomaji", na mtu aingizwe au atolewe katika kundi. Barua ya uhamisho ikifika, kazi yangu inakuwa kumtoa katika kundi moja na kumwingiza jingine, badala ya kuzunguka tovuti sita na kitufe cha kukagua. Wenye leseni ya kulipia ya saraka ya Microsoft, yaani mfumo unaotunza akaunti za watumishi, wanaweza kuunda makundi yanayojijaza yenyewe kwa kusoma idara iliyoandikwa katika akaunti ya mtumishi. Yanapendeza, ila yanataka idara hiyo iandikwe kwa usahihi na kwa tahajia moja. Sisi tulikuta "Uhasibu", "Idara ya Uhasibu" na "UHASIBU NA FEDHA" kama idara tatu.

#11 – Mchangiaji

Nyongeza fupi kwa wanaotumia Teams: ukifungua chaneli ya faragha ndani ya timu, mfumo huiundia tovuti yake ya SharePoint peke yake, na wasiokuwamo katika chaneli hiyo hawaingii hata kama ni wamiliki wa timu. Kwa hiyo ile tovuti ya watu watatu ya mleta uzi inaweza kupatikana hapo bila kuomba kibali cha mtu. Na mnaofikiria kununua Copilot, msaidizi wa akili mnemba wa Microsoft, malizeni kwanza usafi huu. Nayo hujibu kutokana na kila kitu ambacho muulizaji anaruhusiwa kukisoma, na mtu hahitaji tena kukisia jina la faili. Anauliza tu nani analipwa nini.

#12 – Mchangiaji

Mleta uzi, hujajibu swali la kichwa cha habari. Nani aliiona?

#13 – Mleta uzi

Nilikuwa nasubiri kibali cha kulijibu, na kimepatikana jana.

Kumbukumbu za ukaguzi za Microsoft 365 huhifadhiwa siku 180 kwa leseni ya kawaida, na zinaonyesha nani alifungua faili gani na saa ngapi. Folda ilikuwa wazi kwa siku kumi na nane. Nilitoa kumbukumbu za siku zote hizo mbele ya mhasibu na mwanasheria, kwa sababu sikutaka kuzisoma peke yangu wakati kosa ni langu. Waliolifungua faili la mishahara ni wanne. Wawili ni wa uhasibu, na ni kazi yao. Wa tatu ni dada wa masjala, mara moja, saa nne na dakika kumi asubuhi, dakika sita kabla ya kufika mezani kwangu. Wa nne ni mimi, mara saba, siku hiyo hiyo na kesho yake, nikichunguza kilichotokea. Akaunti yangu ya usimamizi huingia kila mahali hata urithi ukatwe mara ngapi, na kabla ya tukio hili hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Mwanasheria ameniuliza. Pendekezo lake, ambalo nimelikubali, ni kwamba tovuti mpya ya mishahara isimamiwe kwa akaunti ya pili nisiyoitumia kwa kazi za kila siku, ambayo nywila yake imo katika bahasha kwenye kasha la mhasibu, na nikiihitaji niisainie kitabuni. Folda imeshahamishwa tangu Jumatatu. "Nyaraka 2" nimeiacha pale ilipokuwa, tupu, kwa sababu kuna mtu mmoja wa uhasibu ambaye bado anakwenda kuifungua kila asubuhi.